Sahani za Shangazi Mwanajuma

Ngamiani kuna kichochoro ambacho mpaka leo nakizunguka kwa aibu, na sababu ni sahani.

Shangazi yangu Mwanajuma humeza dawa ya presha kila asubuhi, naye ndiye mtunza sahani za shughuli za mtaa. Siku ya harusi ya jirani kichochoroni humo, nikiwa upande wa wanaume nasubiri pilau, nikasikia shangazi kajikata kidole akimenya vitunguu, nami (mwenye shahada ya biashara, si ya udaktari) nilikuwa nimesoma kwenye simu kwamba presha ikipanda, chembe zinazogandisha damu, ziitwazo chembe sahani, huwa na papara ya kushikana, na baadhi ya dawa za presha huzituliza. Mwingine angefurahi. Mimi nikawaza: zikitulia kabisa, damu itakomaje? Kuingia uani kwa wanawake nikaona haya, nikamwita binti mmoja mlangoni.

"Mwambie shangazi aziangalie sahani zake, nina wasiwasi nazo."

Binti aliufikisha ujumbe wote, tena kwa sauti. Shangazi akamgeukia Bi Zaina, muosha vyombo, aliyekuwa anafunga kapu lake aondoke.

"Bi Zaina, hebu ngoja kwanza."

"Unanipekua mimi, Mwanajuma? Mbele za watu?"

"Sijakutaja. Mtoto wa kaka kaona kitu."

Bi Zaina akalimwaga kapu mwenyewe: kanga, ukoko wa pilau, kopo la uji wa mama yake. Kisha akakaa chini, akalia bila sauti. Hapo ikabidi niingie (haya zilikwisha zenyewe), nikaeleza kwamba sahani nilizosema zimo ndani ya damu.

"Ndani ya damu," akarudia mpishi. "Na masufuria yako wapi, kwenye ini?"

Uani wote ukacheka, isipokuwa Bi Zaina. Kidole cha shangazi kilishafungwa kitambaa, damu imekoma zamani. Kesho yake muuguzi wa kliniki akasema dawa asiiache, inamlinda, na mwenye wasiwasi aende akaulize pale. Tangu hapo naenda, tena nauliza kwa mdomo wangu, situmi mtu.

Kwa Bi Zaina nilikwenda na shikamoo yangu kuomba radhi. Akaitikia, akanimiminia chai, akanipa kikombe cha moto hivyo hivyo mkononi.

"Kisahani sina," akasema. "Usije ukanitangaza tena."