Antena ya Ng'ambo

Félicité wa Nyakabere hajui kudanganya. Hata sokoni humwambia mnunuzi mwenyewe kwamba mihogo mingine imeoza. Huyo ndiye ambaye mashine ilimwita mwongo, na mimi jirani yake hasira haijanitoka mpaka leo.

Baada ya mafuriko, shirika moja lilimpa kazi ya kupita nyumba kwa nyumba, akiandikisha kwenye simu watu waliobomolewa nyumba, ili waletewe mabashi, yale maturubai ya kuezekea. Alianza na Marie-Rose, aliyekuwa na kichanga chini ya majani ya migomba. Kilikuwa kinakohoa.

Majina yote yakakataliwa na mashine ya shirika. Félicité akampigia Achille, msimamizi wake aliyeko Uvira mjini.

"Mama Félicité, mashine iko nasema simu yako inashikwa na antena ya Burundi. Inasema unatudanganya pozisyo, eti hauko Nyakabere."

"Shefu, minye niko hapa mbele ya mulango ya Marie-Rose! Antena yetu ilikufa, huku wote tuko natumia kadi ya Burundi. Kuya uone!"

"Minye najua, mama. Mashine ndiyo haijue. Ikikukatala tena, inakufungia, hautaandikisha tena."

Huku kwetu Kongo, mpakani, kila nyumba ina kadi ya simu ya Burundi kama ilivyo na chumvi. Ndugu zetu wako ng'ambo ya mto Ruzizi, na mtandao wao hutufikia bila paspoti. Nani angedhani ni kosa?

Félicité alilia sana. Kisha akapanda pikipiki hadi Lubarika, ambako antena ya Kongo inafanya kazi, akaweka kadi ya Kongo, akasimama kando ya barabara na kuandikisha majina yetu yote kutoka kichwani. Mashine ikayapokea papo hapo. Aliposema kweli ilimfukuza, alipodanganya ikamshukuru!

Lori likafuata mahali simu iliposema. Likashusha mabashi Lubarika, na watu wa huko, ambao nao maji hayakuwahurumia, wakayachukua. Aliposikia, Félicité alikimbilia huko, akalikuta likigeuza, akang'ang'ania mlango wa dereva.

"Tunafuata pointi, mama. Pointi iko hapa."

Alirudi amelowa mvua chapachapa, akarudisha kadi ya Burundi kwenye simu. Marie-Rose akamuuliza, mtoto kifuani: "Walisema watakuya lini?"

Kabla hajajibu, simu ilinasa mtandao wa Burundi, ikalia. Ujumbe ulisema familia za Nyakabere zimekwisha kupokea, na aliyepokea haandikwi tena. Marie-Rose hajui kusoma. Aliendelea kumtazama usoni, akingoja kuambiwa siku.