Mume wangu anasoma Ulaya, anataka niseme mtoto wetu anaumwa

Habari zenu wote mnaofuatilia ukurasa huu. Admin, nashukuru kwa kukubali kulificha jina langu, maana ndugu wa mume wangu nao wamo humu. Mimi ni mama wa miaka 23, nina mtoto mmoja wa kike wa mwaka na miezi minne, naishi Mkonze hapa Dodoma. Shule niliishia kidato cha pili, kwa hiyo nikikosea kuandika mnivumilie. Mume wangu ni mwalimu wa sekondari. Mwaka jana alipata ufadhili wa kwenda kusoma shahada ya pili Ulaya, kwenye mji mkubwa ambao sitautaja. Siku anaondoka baba yake alitoka Chemba na mbuzi, akachinja, wazee wakamwombea, na tangu hapo baba mkwe hamwiti tena mwanawe kwa jina. Anamwita profesa.

Mwanzoni alikuwa anapiga simu mara moja kwa siku, ananionyesha treni zinazopita chini ya ardhi, anacheka. Halafu kicheko kikapungua. Akaniambia, "Mama K, huku watu hawasalimiani." Aliingia kwenye lifti na mzee wa umri wa baba yake, akamsalimia kwa heshima zote, yule mzee akatoa vitu vya masikioni akamuuliza anataka nini. "Nikakosa cha kumjibu, maana nilikuwa sitaki kitu." Darasani nako kila mtu anatakiwa atoe maoni yake, na yeye akifungua mdomo wanamwomba arudie. Mtu aliyezoea kusikilizwa na darasa zima akawa anakaa nyuma, kimya.

Ndipo akaanza kuniomba nisikate simu. "Wewe endelea na kazi zako, mimi nasikiliza tu." Basi naegemeza simu kwenye ndoo ya unga, nasonga ugali, nachambua mboga, mtoto anampaka baba yake uji kwenye kioo cha simu, yeye kalala kitandani anatuangalia. Naenda naye mpaka bombani. Jirani mmoja akamchungulia, "Mwalimu, rudi bwana! Huyu waliyetuletea badala yako anajua kuchapa tu!" Mume wangu alicheka mpaka akakohoa. Mwingine akanigeukia mimi, "Mwenzetu umempa nini huyu? Wa kwetu wako hapa hapa Mkonze na simu hawapokei." Jamani, nilifurahi, nakiri mbele yenu. Alipokuwa hapa alikuwa anatoka asubuhi, anarudi jioni na madaftari ya kusahihisha. Sasa ninaye kutwa nzima! Nilipomuuliza masomo alisema vipindi vimehamishiwa jioni. Nikaamini kwa sababu nilitaka kuamini.

Wiki iliyopita, asubuhi, tuko hivyo hivyo, nikasikia mlango wake unagongwa. Akaacha simu kitandani, akaenda kufungua. Aliyeingia ni Mkenya anayesoma naye, nikamsikia, "Wewe jamaa umepotelea wapi? Wiki ya tatu hii hujakanyaga darasani! Wanakuulizia kwangu mpaka nimeishiwa na uongo." Yule kaka alipoondoka nikamuuliza mume wangu. Akalia. Hata mama yake alipofariki alijikaza, lakini siku hiyo alilia kama mtoto. "Vipindi ni asubuhi, mama K. Navaa viatu, nafika mlangoni, nakaa chini." Kumbe zile saa zote nilizokuwa najisifia bombani ndizo zilikuwa saa zake za darasa.

Nikamwambia basi rudi nyumbani. Akasema hawezi kurudi mikono mitupu, baba atamtazamaje. Ndipo akaniomba hili linaloninyima usingizi. Baba mkwe anakuja kwangu Jumamosi kumwona mjukuu. "Mwambie mtoto anaumwa sana na anamhitaji baba yake. Mzee mwenyewe ataniita nirudi, na hakuna atakayeniuliza kitu." Nikamwambia heri niseme naumwa mimi. Akasema, "Ukiumwa wewe, baba atamtuma dada yangu aje akuhudumie, halafu mimi ataniambia niendelee kusoma." Na ni kweli, ndivyo alivyo.

Mtoto wangu ni mzima, anakula, anakimbiza kuku uani. Nitamtamkiaje ugonjwa? Nimejaribu kuisema hiyo sentensi peke yangu jikoni, nikaishia katikati nikamnyanyua mtoto nikamkumbatia. Lakini na mume wangu naye nampenda. Yule Mkenya alimwambia pale chuoni kuna watu wa kuwasikiliza wanafunzi wanaolemewa, yeye hataki kwenda, anasema ataonekana amechanganyikiwa. Jumatatu nilijikaza. Nikamwambia, "Leo nazima simu mpaka mchana, baba K, nenda darasani." Nikazima kweli. Nilipowasha nikakuta ujumbe mmoja, "Nimefika mpaka kituo cha treni, nikarudi." Nilikaa nausoma ule ujumbe. Hakufika darasani, sawa, lakini mlangoni alipita. Mimi nikaona kuna kitu pale, ingawa yeye aliona ameshindwa.

Jumamosi ni keshokutwa. Nikimwambia mzee ukweli, mume wangu ataona hata mimi nimemwacha peke yake, na kwa hali aliyonayo naogopa. Nikisema mtoto anaumwa, mzee huyu atapiga magoti palepale kumwombea mtoto mzima, na mimi nitakuwa nimesimama namtazama. Jana mume wangu aliniuliza, "Mama K, utanisaidia au hutanisaidia?" Nikamjibu nitakusaidia. Nimeshaahidi, ila njia sijaiona. Ninyi mnaosoma huko mbali, na ninyi mliowahi kubaki nyumbani kama mimi, naombeni mnifikirie kama mdogo wenu: mzee akishakaa kwenye kiti na mjukuu mapajani, nimwambie nini?