Mita Niliyoifunga Kwenye Lori la Kapteni

Mhindi mwenye gereji yetu ya Nakivubo alipofukuzwa nchini, gereji ilichukuliwa na kapteni mmoja wa jeshi. Nilibaki pale kama fundi kwa kuwa sikuwa na pa kwenda.

Kapteni alikuwa na lori kuukuu la dizeli. Injini ilishakufa mara mbili, naye aliamini dereva anaikanyagia mafuta kupita kiasi makusudi. Dereva mwenyewe alikuwa mzee mpole wa Nateete, aliyeniita "ssebo", yaani bwana, kwa heshima ingawa nilikuwa rika la wanawe.

Asubuhi moja kapteni alileta mita ya kupima mizunguko ya injini na sensa yake, kile kidude cha kuhisi, vilivyong'olewa kwenye jenereta.

"Funga hii. Nataka kuona huyu mtu nakanyaga namna gani."

Nilitoboa kava la flaiwili, lile gurudumu zito lililo nyuma ya injini, nikaiingiza sensa hadi ikakaribia meno yake, pakabaki nafasi ya unene wa kucha. Sensa huhesabu kila jino linalopita. Meno ya flaiwili ya lori yalikuwa mengi kuliko ya jenereta, kwa hiyo mita ingesoma zaidi ya ukweli, karibu robo nzima.

"Afande, hii itadanganya," nilimwambia. "Nipe leo tu niirekebishe."

"Mimi hapana taka hesabu. Washa."

Dereva alivua viatu, kama kawaida yake, akapanda, akakanyaga taratibu. Kwa sikio nilijua injini haijalemewa. Lakini sindano ilipanda hadi kwenye nyekundu.

"Fundi," kapteni akasema, "hii mita nafanya kazi?"

Askari wawili walikuwa wamesimama mlangoni. Mzee alinitazama, akisubiri niseme.

"Inafanya kazi, afande."

Walimshusha wakampakia kwenye gari lao, peku. Aliomba viatu vyake, wakawasha gari.

Siku ya tatu mkewe alikuja. Nikampa viatu.

"Alikosa nini, mwanangu?"

"Sijui, mama."

Wiki iliyofuata niligeuza skrubu ya nyuma ya mita, ikasoma sawasawa. Dereva mpya alikanyaga kama yule mzee, na sindano haikufika kwenye nyekundu.

"Huyu ndiyo dereva," kapteni akasema, akanipiga begani.

Yule mzee hakurudi. Mimi nilifanya kazi pale miaka miwili zaidi.