Mkato wa Shingoni

Kila maonyesho yangu yanapofunguliwa Nairobi, lazima atokee msomi mmoja na glasi yake ya juisi, awafafanulie wenzake ule mkato ulioko shingoni mwa ngamia wangu wote wa mti. Mmoja alisema ni mpaka uliowagawa watu wetu. Mwingine akasema ni kiu. Mimi huitikia kwa kichwa, maana wanaosema hivyo ndio wanunuzi.

Mkato ule ni wa abti, kaka yake mama, aliyekuwa shekhe. Nilianza kwa kuchonga kengele za mti za kuvishwa ngamia, kazi isiyo na maneno. Nilipoanza kuchonga ngamia wenyewe, abti alinionya kwamba Siku ya Kiama nitaamriwa nimtie roho kila kiumbe niliyemchonga, nami nitashindwa. Lakini alikuwa na huruma. Akaniruhusu kwa sharti kwamba kila mmoja nimpitishe patasi shingoni, ionekane wazi kuwa si kitu chenye uhai. Tukaelewana.

Vita vikaja. Serikali ikatutoa malishoni, ikatukusanya katika kijiji kilichozungushiwa seng'enge nje kidogo ya Garissa, na ngamia nao wakawa washukiwa, eti ndio wanaowabebea bunduki shifta, waasi waliotaka tujitenge na Kenya. Wetu walipigwa risasi, akabaki jike mmoja, naye akafungiwa kwenye boma la kambi ya askari. Mdogo wangu wa mwisho alikuwa hajui chakula kingine ila maziwa yake. Basi nikaenda kwa afisa wa kambi, mtu wa kutoka Kenya, kama tulivyosema wakati ule ingawa na sisi tulikuwa humo humo Kenya. Kiswahili changu kilikuwa cha kuokoteza, na ulimi wetu hauna p, huigeuza b. Nilitaka kusema nipe.

"Afande, nibe ngamia yangu."

Yeye akasikia niibe. Alicheka hadi akafuta machozi, akawaita askari waje wamwone mwizi wa kwanza duniani anayeomba ruhusa. Kisha akaniambia amesikia nachonga, na yeye anahamishwa na anataka ukumbusho. Nikimchongea ngamia atanirudishia wangu.

Nikawa nakaa nje ya boma, namchonga yule yule wetu huku nikimtazama kupitia miiba. Yeye anacheua tu, ananiangalia kwa ile dharau yao. Nilimpenda mno, sioni haya kusema.

Nilipopeleka kazi yangu, afisa aliigeuzageuza, akauona mkato. Kicheko kikaisha. Akauliza huu ni ujumbe gani, na inayotishiwa ni shingo ya nani. Nikaeleza habari za dini, Kiama na abti, na kwa Kiswahili kile kila neno lilizidi kunitia matatani. Akaagiza nichonge mwingine, shingo nzima. Nilimpelekea abti maneno hayo. Alimtazama mdogo wangu aliyekuwa akilia njaa, akasema hajasikia nilichomwambia, akaenda kutawadha.

Nikachonga. Wallahi, sijapata kuchonga ngamia mzuri kama yule. Nilimpeleka siku ya karamu ya kumuaga afisa. Alimpapasa shingo, akanishika mkono mbele ya wageni, akatangaza kuwa ahadi ni ahadi, nipite nyuma ya jiko nikamchukue mnyama wangu.

Nyuma ya jiko nilikuta ngozi imetandazwa juu ya miiba. Mpishi alikuwa ameambiwa habari za karamu, hakuambiwa habari za ahadi. Wala hakuwa mtu mbaya. Alinikatia kipande cha nundu, sehemu ya heshima, akanifungia kwenye gazeti. Nilifika nacho nyumbani, nikashindwa kuingia. Mama akatoka kunilaki, ameshika chombo cha kukamulia.

Leo Kiswahili changu ni safi kushinda cha yule afisa, na bado naona ulimi wangu wa siku ile ulikuwa na akili kuliko mimi. Heri ningemwiba. Yule wa mti yuko juu ya kabati la mtu huko, shingo yake nzima. Abti alisema nitaulizwa juu yake. Sawa, nitajibu. Nataka tu niwepo pale mtu atakapoulizwa habari za yule mwingine.