Mbao Zenye Karatasi

Shule niliiacha darasa la tatu na sioni haya kusema. Nilichonacho nilikipata kwa msumeno na randa. Nilipofika Durban kutoka Kongo, miaka ya tisini ikielekea ukingoni, nilikodi banda Pinetown nyuma ya kiwanda cha rangi. Mwaka haukuisha, watu wa Berea wenye nyumba zao za zamani wakawa wananitafuta wenyewe.

Mbao nilizozipenda zilikuwa za msonobari wa nchi za kaskazini, zinazoshushwa bandarini. Msonobari wa mashamba ya hapa hukua mbio, pete zake pana kama za kitunguu. Ule wa kaskazini pete zimebanana, na randa ikipita unasikia sauti nyingine kabisa. Siku moja muuza mbao wangu, Mhindi wa hapahapa mjini, alinionyesha muhuri mdogo kwenye kichwa cha ubao. Akasema, "Hizi zina karatasi, boss. Msitu wake uko salama."

Karatasi! Mkongomani wa Durban ukimtajia neno hilo hana la kuuliza tena. Kwetu karatasi ni ile ya ukimbizi. Polisi akikusimamisha kwenye robot, taa za barabarani, unaichomoa, anaisoma, anakuachia. Mwenye karatasi haguswi. Basi nikajua kwamba huko kaskazini iko misitu yenye karatasi, haiguswi, na mbao zake ni za miti iliyojiangukia kwa uzee na upepo. Hakuna aliyenidanganya. Nilijidanganya mwenyewe, tena kwa fahari.

Na nilikuwa na sababu ya kutaka iwe hivyo. Kijijini kwetu ulikuwepo mti mmoja mkubwa ambao viwavi walishuka kutoka juu yake kila msimu wa mvua. Mama yangu aliwaokota kwa kikapu, tukala mpaka taya zikachoka. Kampuni ikaukata kwa sababu mbao zake ni nyekundu na nzuri. Msimu uliofuata mama alikwenda kwa mazoea akarudi na kikapu kitupu. Sikutaka kula mkate wangu kwa kazi ya namna ile.

Kwa hiyo nilimwambia mke wangu, ambaye anasoma na anasuka nywele mjini, aandike kibao kwa rangi nyeupe, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili: MBAO ZETU HAZIKUUA MSITU. Pasta wetu alikiona, akaniagiza mabenchi ya kanisa zima. Jumapili akatangaza madhabahuni, "Tutakaa juu ya mbao safi!" Watu wakapiga makofi, nami nikasimama wanione.

Halafu akaja mwalimu mmoja wa chuo, mwanamke Mkenya anayekaa Glenwood, kutaka rafu ya vitabu. Alisoma kibao akacheka.

"Mzee, nani alikuambia hivi?"

"Muhuri."

"Muhuri hausemi hivyo."

"Mama, mimi nilishika mbao kabla hujazaliwa."

"Na mimi nimesimama ndani ya hiyo misitu, mzee wangu. Ndiyo kazi iliyonipeleka huko. Njoo Jumamosi mchana na mkeo. Nitawapikia chapati, nikuonyeshe picha, halafu unitukane ukitaka."

Tukaenda. Alifunga mapazia, akawasha mashine inayotupa picha ukutani. Ya kwanza ilikuwa uwanja mtupu, msitu umekatwa wote. Magurudumu ya mashine za kukatia miti yalikuwa yamechimba mitaro ya kufika magotini, maji yamesimama ndani, na kijito pembeni rangi ya chai ya maziwa.

"Huu hauna karatasi," nikasema.

"Hauna."

"Nilijua!" Nikachukua chapati nyingine.

Ya pili ilikuwa uwanja tena. Kando ya kijito walibakiza ukanda wa miti, na katikati vikundi vichache, kama nywele alizozisahau kinyozi. Palikuwa na visiki virefu kumshinda mtu. Nikacheka. "Mlevi gani huyu? Anaacha mita tatu za mti zimesimama!"

"Wameacha makusudi. Zikioza wadudu wataingia, na ndege wanaotoboa miti watapata chakula."

"Na huu ni wapi?"

"Huu ndio wenye karatasi, mzee."

Nikairudisha chapati sahanini. "Umechanganya picha."

"Sijachanganya."

"Rudisha nyuma."

Akarudisha, akaleta tena. Mara tatu. Mke wangu akanishika mkono, na mimi si mtu wa kushikwa mkono mbele za watu.

Mwalimu alieleza taratibu. Karatasi haikusema msitu usikatwe. Ilisema ukatwe kwa adabu, uachiwe baadhi ya wazee wake, maiti zake na kivuli cha kijito. Adabu hiyo si bure. Katika kijito cha pili samaki bado wanazaa, cha kwanza tope limefunika mayai. Lakini wako wanyama kule wenye pembe kama matawi, na majira ya theluji wanakula kitu kama ndevu kinachoning'inia kwenye miti mikongwe. Ndevu hizo hazimo uwanja wa kwanza wala wa pili. Hata wataalamu, alisema, walikuwa bado wanabishana kama kilichoachwa kinatosha.

"Si wamepanda mingine?"

"Wamepanda. Ila ikiota ndevu, mimi na wewe hatutakuwepo."

Jumatatu nilichukua ubao wa benchi la kanisa, nikahesabu pete kwa ncha ya msumari. Nilipita umri wangu kabla ya kufika nusu. Nikakaa chini kwenye maranda. Mti ulionizidi miaka, nami nimeutoboa matundu ya skrubu nikiimba!

Jioni nilimpa mke wangu karatasi yangu mwenyewe. "Soma. Iko wapi imeandikwa sitaguswa?"

Akasoma yote, akaniita kwa heshima ya kwetu. "Papa, hapana. Inasema ukae mpaka tarehe hii. Basi."

"Basi tu?"

"Basi tu."

Kesho yake nikaenda kwa pasta. "Mbao zile zimetoka kwenye msitu uliokatwa. Mimi niliandika uongo."

"Papa, umekunywa?"

"Chai."

"Lakini nimeshatangaza madhabahuni! Watasema fundi wetu mwongo."

"Waseme. Lakini waambiwe na mimi."

Jumapili nikasimama palepale waliponipigia makofi, nikasema yote, na viwavi wa mama yangu pia. Kisha mama mmoja mzee akauliza kutoka nyuma, "Sasa papa, hayo mabenchi tutayakalia ao hatutayakalia?" Kanisa zima likacheka. Mimi sikucheka. Nikamjibu, "Kalieni. Ila mjue mnakalia nini."

Nilipofika bandani nilifuta kibao kwa msasa, nikamwambia mke wangu aandike upya kwa lugha zilezile mbili: MBAO ZETU ZILIKUWA MSITU.

"Eish, papa. Hii itafukuza watu."

"Andika."

Mteja wa kwanza kusimama mbele yake alisoma mara mbili, akaingia na kutuuliza kwa upole kama Kiingereza chetu kilikosewa. Mke wangu alikunja uso.

"Hakuna kosa hapo," akamjibu. "Soma tena."