Saa Nane ya Bibi

Mtaani walimwita Bi Saa, na hawakumsingizia. Ukutani kwake zilining'inia saa mbili: ya nyumbani, na ya hospitali ya ng'ambo aliyoikalimania kwa simu, iliyokuwa nyuma kwa saa nane, au saba kwa msimu. Mara mbili kwa mwaka watu wa huko husogeza mishale ya saa zao, naye hupanda kiti akaisogeza ya kwake kabla hawajamkumbusha. Kwa miaka sita hakuchelewa hata simu moja.

"Mke wangu huyu," mumewe, fundi seremala, hupenda kutania, "anaanua nguo jioni huku akiongea na watu wanaopiga mswaki."

Siku moja, saa kumi na mbili jioni, daktari alipiga. Kwake ilikuwa saa nne asubuhi, na mbele yake aliketi bibi aliyehamia huko kwa mwanawe, asiyejua lugha nyingine ila Kiswahili. Alikuwa ameanguka ngazini mara mbili, zote mchana.

"Mwambie kama hafuati maagizo, aseme tu," daktari alisema. "Dawa hii haimwangushi mtu anayeinywa kwa wakati."

Bi Saa akafikisha neno kwa neno. Mkalimani hukopesha mdomo, maoni yake hubaki moyoni.

"Nafuata, mwanangu," bibi akajibu. "Ile ya presha naimeza saa nane juu ya alama. Haijanipita hata siku moja."

Bi Saa akashtuka. Kuongeza swali lake mwenyewe hakuruhusiwi, lakini kunyamaza alishindwa.

"Daktari, mkalimani anaomba kumuuliza mgonjwa jambo moja."

Daktari akakubali. "Haya, uliza."

"Bibi, hiyo saa nane huwa unafanya nini?"

"Nimeshakula cha mchana, naosha vyombo. Karatasi imeandikwa nane, na tarakimu nazijua vizuri!"

Bi Saa akarudi kwa daktari. "Sisi huanza kuhesabu saa jua linapochomoza. Kama ulikusudia nane ya usiku, kwetu hiyo ni mbili; nane yetu ni mchana, baada ya chakula. Dawa uliyotaka alale nayo, yeye anapandia ngazi."

Karatasi zikasikika zikifunuliwa. Kisha daktari akasema taratibu, "Mwambie naomba radhi. Kosa ni langu."

"Kumbe si uzee!" bibi akacheka huku analia. "Na mimi nilishaanza kuwaaga jamaa zangu!"

Wiki iliyofuata hospitali ilimwomba Bi Saa apitie karatasi za wagonjwa wote wanaosema Kiswahili. Zilikuwa sitini na mbili. Kila palipokuwa na tarakimu tupu akaandika: ukiamka, ukimaliza kula cha mchana, unapokwenda kulala.

Bibi hakuanguka tena. Aliporudi kupimwa, kabla hata ya kumsalimia daktari, aliuliza, "Yule binti yangu wa kwenye simu yupo?"

"Nipo, Bibi. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Umeamkaje?"

Dirishani kwa Bi Saa jua lilikuwa linazama. "Salama kabisa, Bibi," Bi Saa akajibu, akavuta kiti.