Funga Kitabu, Ueleze

Dada yangu ana fremu ya vitenge Kariakoo, na ana ulimi ambao hata wapagazi wa mtaa ule wanauogopa. Mimi ni mwalimu wa sekondari. Mwaka ambao binti yake aliingia kidato cha pili, aliniita dukani, akanikalisha juu ya belo la vitenge na kutoa hukumu, mtoto mwenyewe akiwa amesimama palepale.

"Mtihani wa mwisho wa mwaka akifeli, shule basi. Anaingia dukani. Mimi sirudishi mtu darasa."

Mtoto alitazama kucha zake. Alitaka kuwa mfamasia, kwa sababu mfamasia wa mtaani kwao Mchafukoge ni mwanamke, anavaa koti jeupe, na hakuna anayempigia kelele.

Nikamchukua nimfundishe. Jinsi alivyokuwa akisoma ilinitia hasira. Alisoma kitandani, simu kifuani, akipaka rangi ya njano kila mstari mpaka ukurasa mzima unakuwa njano. Masomo ya Kiingereza aliyakariri kwa kuimba, na ukimkatisha katikati lazima aanze mwanzo, kwa kuwa hakuelewa alichokuwa akikisema. Nusu ya wanafunzi wangu wanasoma hivyo. Shule ya msingi walifundishwa yote kwa Kiswahili, kisha wakatupwa kwenye Kiingereza bila huruma, na sisi walimu tunawaita wavivu.

Nilimpokonya simu na kumtoa kitandani. Nikampa kanuni moja tu: soma ukurasa, funga kitabu, mweleze mtu asiyeujua, kwanza kwa Kiswahili, halafu kwa Kiingereza. Kila siku akitoka shule, saa ileile. Mtu asiyeujua aliyekuwa karibu saa hiyo ni mama yake dukani, akikunja vitenge.

Dada hakuonja hata kidato cha kwanza. Lakini miaka yote amesikiliza wanunuzi wakimdanganya bei za maduka mengine, na sikio lake limejifunza kukamata kusita. Sayansi haijui, ila anajua mtu asiyekuwa na hakika anavyosikika. Siku ya kwanza mtoto alieleza jinsi mmea unavyojipikia chakula kwa mwanga wa jua. Sauti ilikwama kidogo.

"Hapo umechapia," dada akasema, macho yakiwa kwenye kitenge. "Anza upya."

"Mama, nilikuwa navuta pumzi."

"Anza upya. Hawa wateja wataniambia nimezaa kilaza."

Wateja wakacheka. Mmoja aliyetoka Tunduma aliagiza kahawa, akaketi kabisa atazame. Mtoto alieleza huku machozi yanamtoka, na mama yake akamkataza kuyafuta, eti mikono inampotezea mtiririko.

"Dada, unamdhalilisha mtoto," nikasema.

"Ulitaka asome au abembelezwe?"

Nilimchukia siku ile. Kilichoniuma zaidi ni kwamba ilifanya kazi. Baada ya miezi kadhaa mtoto hakuhitaji kusukumwa. Alifika, akasoma, akafunga kitabu mwenyewe, akaeleza amenyooka kama mtu anayesoma taarifa ya habari. Akaanza kutumia kanuni ileile kwa kila kitu. Mama yake akienda kuswali, yeye aliwaambia wateja mzigo gani umebaki stoo, uko rafu ipi, na ua lipi la kitenge linafanana na lile waliloligombania mwezi uliopita. Hakuna aliyemtuma kuyajua hayo.

"Unaona?" nikamwambia dada, kifua kimenijaa. "Kichwa chake kimefunguka."

Dada alimtazama binti yake kwa muda mrefu, kama anavyotazama kitambaa anachotaka kukinunua.

Matokeo yakatoka. Daraja la kwanza. Dada aliwanunulia soda majirani wote wa korido. Mtoto alinikumbatia, akaniambia, "Ma'mdogo, naenda kusoma sayansi." Nililia mbele za watu na sikuona aibu.

Shule zilipofunguliwa nilipita dukani asubuhi nikitegemea kusikia tayari ameshaondoka. Nilimkuta amevaa dera, ufunguo wa stoo shingoni.

"Shikamoo, ma'mdogo."

"Marahaba. Kulikoni hapa?"

Akaanza kupanga vitenge. Nikamgeukia mama yake.

"Dada, mtoto amefaulu! Ulisema akifeli."

"Nilisema, nilikuwa sijamjua. Kilaza ningemwacha hukohuko shule, hapa ningemfanyia nini? Duka anapewa mwenye kichwa. Kusoma atasoma jioni, vituo vya masomo vimejaa mjini."

Nilimtukana dada yangu wa tumbo moja, wateja wakisikia. Nikaenda kwa afisa elimu wa kata. Alipoambiwa na dada kwamba mtoto anasoma kituoni jioni, akaridhika, akanishukuru kwa kufuatilia. Jioni za Kariakoo nazijua. Duka likifungwa, hata kula ni kazi, sembuse kusoma.

Mara ya mwisho nilipokwenda, alikuwepo mnunuzi kutoka Lusaka na mwenyeji wake wa hapa mjini. Mtoto alimweleza mwenyeji kwa Kiswahili vitenge vyote vilivyoingia, kisha akamgeukia mgeni, akaanza tena kwa Kiingereza, kitabu cha stoo kimefungwa, kama nilivyomfundisha. Mama yake alikuwa akikunja, macho chini, sikio wazi. Nami nilisimama mlangoni nikisikiliza, nikimwomba Mungu mtoto akwame hata mara moja.

Hakukwama.